Mpango Usiopimwa Hauhifadhi Kitu

Mwezi Mei mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, aliwakumbusha wajumbe kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi tangu siku hiyo, katika semina, madarasani na katika hotuba za kufungulia vikao. Lakini iko maana yake ya pili ambayo hairudiwi sana. Aliyechagua njia hana budi kusimama kila baada ya mwendo na kutazama kama njia ile inamfikisha alikokusudia. Asipofanya hivyo hatajua kwamba amepotea mpaka usiku umeingia.

Ukweli huu wahusu kila mpango wa maendeleo, lakini wahusu zaidi mipango ya kuhifadhi ardhi. Shamba la mahindi likipangwa vibaya, hasara huonekana msimu uleule. Msitu, mbuga au chemchemi ikitunzwa vibaya, hasara huja polepole, mwaka baada ya mwaka, na siku inapoonekana kwa macho ya kila mtu huwa imekwisha kuwa kubwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nchi hii ni vigumu kupata mahali panapothibitisha methali hiyo, kwa wema na kwa ubaya, kuliko Eneo la Hifadhi la Ngorongoro.

Ahadi ya mwaka 1959

Kabla ya mwaka 1959 Ngorongoro ilikuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Ugomvi baina ya utawala wa kikoloni na wafugaji wa Kimasai kuhusu malisho na maji ndani ya hifadhi hiyo ulilazimisha uchunguzi, na taarifa ya Profesa W. H. Pearsall wa Uingereza ikatolewa mwaka 1957. Mwisho wake ardhi iligawanywa. Serengeti ikabaki ya wanyama wa mwituni peke yao, na Wamasai waliokuwa wakiishi humo wakatakiwa kuondoka. Ngorongoro, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300, ikawekewa sheria yake yenyewe, ili wanyama, mifugo na watu waendelee kuishi pamoja. Katika mwaka huohuo Gavana Sir Richard Turnbull aliwaahidi viongozi wa Wamasai kwamba pale ambapo maslahi ya wanyama na ya wakazi yatagongana, ya wakazi ndiyo yatakayotangulia.

Utaratibu huo, unaojulikana leo kwa jina la matumizi mseto ya ardhi, ulikuwa jaribio. Haukuwapo mfano wa kuigwa mahali pengine barani Afrika. Na sheria inayoongoza Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, iliyoundwa mwaka 1975, inaitwisha Mamlaka hiyo mizigo mitatu kwa pamoja: kuhifadhi maliasili, kulinda na kuendeleza maslahi ya wakazi, na kukuza utalii. Mizigo hiyo haiendi pamoja kwa urahisi. Gari la mtalii linahitaji barabara, na barabara hukata malisho. Nyumbu wanapozaa katika nyanda za chini, kati ya Januari na Machi, mfugaji hana budi kuwahamishia ng'ombe wake nyanda za juu, kwa sababu ndama wa nyumbu huambukiza ng'ombe ugonjwa unaoua. Akifika huko juu akutana na kupe na ndigana kali. Maji yanayotiririka kutoka kwenye msitu wa nyanda za juu hunyweshwa na tembo, mfugaji, hoteli na mkulima wa Karatu.

Mwalimu wa sayansi anafahamu kwamba jaribio lisiloandikwa matokeo yake si jaribio. Ni bahati nasibu. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo taifa lilipaswa kujiuliza kuhusu Ngorongoro tangu mwanzo lilikuwa jepesi: ni nani anayepima, anapima nini, na nani anasoma vipimo hivyo kabla ya kutoa uamuzi?

Mipango mingi, vipimo vichache

Haiwezi kusemwa kwamba Ngorongoro ilikosa mipango. Rasimu ya mpango wa usimamizi iliandikwa mwaka 1960 na kurekebishwa mwaka 1962. Mtaalamu H. J. Dirschl aliandika mwingine mwaka 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitayarisha mpango mwingine tena. Mwaka 1996 ulitoka Mpango wa Jumla wa Usimamizi, na mwaka 2006 ukafuatiwa na mpango wa miaka kumi. Mwaka 2019 Wizara ya Maliasili na Utalii ilikamilisha mapitio ya utaratibu wote wa matumizi mseto ya ardhi, na ndani yake yakawamo mapendekezo ya kuligawa upya eneo hilo katika kanda.

Wingi huo wa makabrasha una funzo. Baadhi ya mipango hiyo haikutekelezwa kamwe kama ilivyoandikwa. Mara nyingi mpango mpya ulipoandikwa, waandishi walianza upya kuelezea eneo lilivyo, milima yake, mvua yake na wanyama wake, pasipo kueleza kwanza mpango uliotangulia ulifaulu wapi na kushindwa wapi. Hiyo ndiyo tabia ya mtumishi anayefungua jalada jipya kwa sababu hataki kulisoma la zamani.

Matokeo ya tabia hiyo yanaonekana katika suala moja tu la kilimo. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya eneo lote. Mwaka 1992, baada ya wakazi kusumbuliwa na njaa, Serikali iliwaruhusu kulima vishamba vya chakula. Mwaka 2009 marufuku ikarudishwa. Pengine kila uamuzi ulikuwa na hoja yake. Lakini familia iliyokula mahindi ya shamba lake kwa miaka kumi na saba, kisha ikaambiwa iache, ilistahili kuonyeshwa vipimo. Je, vishamba hivyo viliharibu ardhi kiasi gani, na katika vijiji vipi? Je, viliokoa watoto wangapi wasipatwe na utapiamlo? Maswali hayo yalihitaji kujibiwa kwa daftari lililojazwa kila mwaka tangu 1992. Penye daftari, mwananchi anaweza kukubali uamuzi mgumu. Pasipo na daftari, huona amri tu, leo hivi na kesho vile.

Funzo la kreta

Upo upande mwingine wa habari hii, nao ni wa kujivunia. Ndani ya kreta ya Ngorongoro wanyama wamekuwa wakihesabiwa tangu miaka ya 1960. Hesabu hizo, zilizofanywa na watumishi wa hifadhi pamoja na watafiti, ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu za namna hiyo katika Afrika, na faida yake imeonekana.

Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Waliotoa uamuzi huo waliamini kwamba ng'ombe akiondoka, mnyama wa mwituni atanufaika. Daftari lilionyesha jambo jingine. Katika miongo iliyofuata nyumbu na swala walipungua, na nyati, ambao hapo awali walikuwa wachache ndani ya kreta, wakaongezeka hadi kufikia maelfu. Watafiti walipotafuta sababu walitaja mambo kadha wa kadha, na mojawapo lilikuwa nyasi zenyewe. Mfugaji wa Kimasai alikuwa na desturi ya kuchoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yaote, na mifugo yake ilizifanya nyasi zibaki fupi. Alipoondoka, na moto ukazuiwa, nyasi ndefu na ngumu zilitawala. Nyati huzimudu nyasi za namna hiyo, ilhali swala hazimfai. Na katika nyasi ndefu kupe hustawi.

Ukame wa mwaka 2000 ulipokwisha na mvua kurudi, nyati, nyumbu na wanyama wengine wengi walikufa ndani ya kreta, na hata faru walikufa kwa magonjwa ya kupe. Hapo wahifadhi walifanya lile ambalo mpango hai hutakiwa kufanya. Walirudi kwenye kumbukumbu, wakalinganisha hali ya wakati ule na ya zamani, na mwaka 2001 wakaanza tena kuchoma nyasi sehemu kwa sehemu, kwa kudhibiti moto. Kupe walipungua. Elimu ya mfugaji, iliyotupwa nje pamoja naye mwaka 1974, ilirudi kwa mlango wa sayansi.

Yafaa jambo hili litafakariwe kwa makini. Kama hesabu za wanyama zisingekuwapo, kila mtu angesema lake. Mmoja angelaumu ukame, mwingine ujangili, wa tatu mapenzi ya Mungu. Na kama hesabu zingekuwapo pasipo kiongozi wa kuzisoma na kubadili utaratibu, zingekuwa mapambo ya kabati. Faida ilipatikana kwa sababu kupima kuliungana na kuamua. Hata hivyo, kutoka mwaka 1974 mpaka 2001 ni miaka ishirini na saba. Hiyo ni gharama ya mapitio yanayongoja msiba.

Faru wenyewe ni ushahidi mwingine. Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua faru 108 katika kreta, mmoja mmoja, kwa alama za miili yao. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwateketeza hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakabaki kati ya kumi na ishirini. Orodha ya Goddard haikuwazuia majangili. Lakini iliwanyima viongozi wa baadaye kisingizio cha kusema kwamba faru walikuwa wachache tangu zamani. Baada ya hapo ulinzi wa faru wa Ngorongoro ulifanywa kwa kumjua kila mnyama, na wanyama hao wakaanza kuongezeka tena.

Nyayo na mizizi

Magharibi mwa kreta, huko Laetoli, yapo mafunzo yaliyochapwa katika majivu ya volkano. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey iligundua nyayo za viumbe waliotembea wima miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita. Ili kuzihifadhi, nyayo hizo zilifukiwa mwaka 1979. Watu wakaridhika. Lakini udongo na mchanga uliotumiwa kuzifukia ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo zilezile zilizokuwa zikilindwa. Hatari hiyo ilithibitishwa mwaka 1992 ulipofanyika ukaguzi. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani walizifukua, wakaitoa mizizi na kuzifukia upya kwa namna inayozuia miti.

Hakuna aliyekusudia kuziharibu nyayo za Laetoli. Waliozifukia walikuwa watu makini, na walichokifanya kilikuwa cha busara kwa ujuzi wa wakati ule. Kwa hiyo ukaguzi si njia ya kumsaka mwenye hatia. Hata mpango mzuri unaotekelezwa na watu waaminifu unaweza kuwa na mbegu ndani yake ambayo hakuna aliyeiona. Mkaguzi anayekwenda kila mwaka huikuta ikiwa mche. Anayekwenda baada ya miaka kumi na mitatu huikuta ikiwa mti.

Jumuiya ya mataifa nayo ilitambua jambo hili. Ngorongoro iliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Mwaka 1984 iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu hali yake ilikuwa imezorota kutokana na upungufu wa usimamizi. Ilipoondolewa katika orodha hiyo mwaka 1989, miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuwa yameleta nafuu ni ufuatiliaji wa mfululizo. Fedha na magari vilisaidia, lakini kilichorudisha imani ni kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wakitazama na kuandika.

Kipimo cha mwananchi

Pamoja na sifa hizo, uko upungufu mkubwa ambao hauna budi kusemwa wazi. Kwa miaka mingi katika Ngorongoro mnyama amehesabiwa kwa makini kuliko hali ya mtu. Mtumishi anaweza kueleza mwenendo wa nyumbu wa kreta kwa miongo sita. Akiulizwa hali ya lishe ya watoto wa kijiji kimoja kwa miongo hiyohiyo, umbali wa kinamama kwenda kuteka maji, au idadi ya ng'ombe kwa kila kaya maskini, atababaika.

Na hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Watafiti walioishi na wafugaji walionyesha kwamba tangu miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990 idadi ya ng'ombe katika eneo hilo ilipanda na kushuka kwa ukame na magonjwa, bila kukua kwa jumla, ilhali watu waliongezeka maradufu na zaidi. Maana yake ni kwamba fungu la kila mtu lilizidi kuwa dogo. Mfugaji aliyeishi kwa maziwa alilazimika kuuza mifugo ili anunue nafaka. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko badiliko lolote la nyasi, nalo lilitokea taratibu, bila kengele kugongwa. Kama mpango ungekuwa na safu ya kujaza hali ya kaya kila mwaka, mjadala juu ya watu, mifugo na ardhi ungeanza mapema, kwa utulivu, wakati njia za kuchagua zilikuwa bado nyingi.

Badala yake mjadala ulikuja ukiwa umechelewa na umepamba moto. Serikali ilieleza kwamba wakazi waliokuwa wapatao 8,000 mwaka 1959 walikuwa wamezidi 100,000, na kwamba ardhi imelemewa. Wakazi wengi walizipinga baadhi ya takwimu, hasa za mifugo na za uharibifu wa mazingira, na wakatoa maelezo yao. Mwezi Juni mwaka 2022 familia za kwanza zilihamia Msomera, wilayani Handeni, katika zoezi ambalo Serikali ililieleza kuwa ni la hiari, na ambalo wakazi wengine walilikataa. Mwezi Agosti mwaka 2024 wananchi kwa maelfu walijitokeza barabarani kueleza malalamiko yao. Tarehe 1 Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii ya Wamasai mjini Arusha akaahidi kuunda tume mbili, moja ya kuchunguza migogoro ya ardhi na nyingine ya kuangalia utekelezaji wa zoezi la kuhama. Mwaka 2025 tume hizo zilianza kazi.

Hatua ya kiongozi wa nchi kuketi na wananchi na kuwasikiliza ni ya kupongezwa, na ndiyo desturi ya Chama tangu enzi za TANU. Lakini yafaa isemwe pia kwamba tume ni mapitio yaliyochelewa. Tume huundwa pale ambapo pande mbili haziaminiani hesabu. Takwimu zinapokusanywa na upande mmoja, ndani ya ofisi, na kutolewa siku ya uamuzi, huonekana kama silaha hata zikiwa sahihi. Takwimu hizohizo zikikusanywa na pande zote mbili, kila mwaka, mbele ya mkutano wa kijiji, huwa mali ya wote.

Wajibu huo haukomi kwenye mipaka ya Ngorongoro. Familia iliyohamia Msomera haikuacha kuwa sehemu ya mpango huu siku ilipopanda gari. Kama sababu ya kuhama ilikuwa ni kuwapatia wananchi maisha bora na kuipa ardhi nafuu, basi ahadi zote mbili zina vipimo. Je, familia ile ina maji, malisho, shule na hati ya ardhi isiyogombaniwa na wenyeji waliowatangulia? Je, malisho walikotoka yamerejea, au yamevamiwa na magugu kama yale ambayo yameenea katika sehemu za sakafu ya kreta? Mwenye kuogopa maswali hayo hana imani na mpango wake mwenyewe.

Nani ashike daftari

Mfano wa utaratibu unaofaa uko mezani kwa kila mwalimu. Azimio la kazi lina safu ya mada, safu ya vipindi, na mwishoni safu ya tathmini na safu ya maoni. Mwalimu mvivu hujaza safu za mwanzo mwezi Januari na kuziacha za mwisho wazi mpaka siku ya mkaguzi. Mwalimu mwema huandika kila wiki: mada hii haikueleweka, irudiwe. Mpango wa usimamizi wa eneo la hifadhi ni azimio la kazi la miaka kumi. Safu zake za mwisho ndizo zinazotofautisha utumishi na uandishi.

Jambo la kwanza linalohitajika ni uchache wa vipimo. Orodha ya mambo mia moja ya kupima ni njia ya uhakika ya kutopima lolote. Yachaguliwe machache yanayoeleweka: mvua, urefu wa nyasi katika vituo maalumu visivyohama, maji ya chemchemi wakati wa kiangazi, miti ya msitu wa Lerai, wanyama kwa aina zao, magari yanayoshuka kreta kwa siku, mifugo kwa kaya, lishe ya watoto, mahudhurio ya shule. Vipimwe kwa njia ileile, mahali palepale, wakati uleule wa mwaka. Kipimo kinachobadilishwa kila anapokuja mtaalamu mpya hakina thamani ya kulinganishwa.

Jambo la pili ni kuweka mpaka wa kuvumilika kabla ya kuufikia. Mpango useme mapema kwamba chemchemi ikishuka chini ya kiasi fulani, au magari yakizidi idadi fulani, au kaya zisizo na mifugo zikifikia kiasi fulani, basi hatua fulani itachukuliwa na ofisa fulani katika muda fulani. Pasipo mpaka huo kila kipimo hufanyiwa semina, na semina huzaa semina.

Jambo la tatu ni umiliki wa kumbukumbu. Ni kawaida ya kusikitisha katika ofisi za umma kwamba ofisa akihamishwa, kumbukumbu za kazi yake huhama naye au huliwa na mchwa masijala. Daftari la vipimo liwe sehemu ya makabidhiano ya ofisi sawa na funguo za stoo na hati za magari. Anayepokea ofisi asiweke saini mpaka amelisoma.

Jambo la nne, lililo kubwa kuliko yote, ni ushiriki wa wananchi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba watu washiriki katika kuifikiria, kuipanga na kuitekeleza mipango ya maendeleo yao. Kuipima ni sehemu ya kuitekeleza. Mzee wa Kimasai ambaye ameangalia malisho ya Olmoti au Ndutu kwa miaka hamsini ana kumbukumbu ambazo hakuna ndege ya sensa inayoweza kuzipata. Baraza la Wafugaji la Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1994 ili wakazi wapate sauti, lilipaswa tangu siku hiyo kuwa mshika daftari mwenza, lenye haki ya kuhoji hesabu na kuweka zake pembeni pale zinapotofautiana. Matokeo yasomwe kila mwaka katika mikutano ya vijiji, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, kabla hayajasomwa hotelini mbele ya wafadhili.

Wapo watakaosema kwamba kupima ni gharama. Ni kweli. Lakini gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kuandika mpango mzima upya, kuunda tume, kujenga nyumba za kuhamishia watu, au kurudisha faru waliokwisha. Katika bajeti ya kila mpango litengwe fungu la vipimo, nalo lisiwe la kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Baharia hatupi dira baharini ili chombo kiwe chepesi.

Kazi iliyo mbele

Habari hii si ya Ngorongoro peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimewapa wanavijiji nchini uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yao na kutenga misitu ya hifadhi. Katika ofisi nyingi za vijiji iko ramani ukutani, yenye rangi ya kijani kwa msitu, ya njano kwa mashamba na ya hudhurungi kwa malisho. Rangi hizo zinapauka kwa jua la dirishani. Ni vijiji vingapi ambavyo mtendaji na halmashauri yake wamewahi kuichukua ramani ile, wakatembea mpaka kwa mpaka, wakaandika kilichobadilika?

Ofisa wa maliasili anaweza kuianza kazi hiyo mwaka huu bila kungoja waraka. Mwalimu wa jiografia anaweza kuwapa wanafunzi wake kipima mvua, kamba na daftari, wakapima chemchemi ya kijiji kila mwezi, na daftari hilo likabaki shuleni darasa moja likilikabidhi jingine. Baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na ushahidi ambao wizara itautafuta. Viongozi wa Chama katika matawi nao wana wajibu wa kuuliza katika vikao vyao. Hoja ya kama mpango upo imekwisha kupitwa na wakati. Waulize vipimo vya mwaka huu vimesema nini, na uamuzi gani umefuata.

Mpango wa hifadhi ni mkataba baina ya kizazi kinachoishi na kitakachofuata, na baina ya Serikali na wananchi ambao ardhi hiyo ni maisha yao. Mkataba usiokaguliwa huvunjwa kimyakimya, na anayeumia huwa wa mwisho kujua. Ngorongoro imeonyesha kwamba hesabu zilizotunzwa kwa subira zinaweza kumrekebisha hata mtaalamu. Imeonyesha pia kwamba pale ambapo hali ya mtu haikuandikwa, ugomvi ulijaza ukurasa uliobaki mtupu. Ukurasa huo sasa ujazwe, na kalamu ishikwe na mikono yote miwili.